Ng'ombe wa Kugabiwa

Gari la matangazo lilipita Bukiriro siku ya Ijumaa saa tano asubuhi, spika moja ikisema na ya pili ikikoroma. Watu waliokuwa wakipalilia maharage chini ya migomba waliacha majembe yamesimama ardhini wakasogea barabarani. Huku gari la spika huleta mambo matatu tu: kura, chanjo au mchango. Safari hii halikuleta hata moja kati ya hayo.

"Kambi ya muda ya mpakani ina watu mia moja na kumi na wawili waliokimbia kutoka msituni," sauti ilisema. "Miongoni mwao wapo wanaodai kuwa ni Watanzania. Mzazi au mke mwenye mtu wake huko aje mwenyewe na barua ya mtendaji wa kijiji. Aeleze kijana alichukuliwa na nani, lini, na kwa kazi gani. Mwisho ni Jumatano, saa sita kamili mchana. Watakaobaki watakabidhiwa kwa serikali waliyokuwa wakipigana nayo, kwa mujibu wa mkataba."

Philbert alisimama nyuma ya watu, udongo umemkaukia hadi magotini. Hakuuliza kitu. Katika maneno yote yale, lililobaki naye lilikuwa moja: kukabidhiwa. Mwaka juzi walikabidhiwa wengine kumi na saba, na mpaka leo hakuna mama aliyeletewa hata shati.

Huo mkataba ulikuwa umeimbwa redioni wiki mbili mfululizo. Kulikuwa na nchi moja jirani ambayo Bukiriro hakuna aliyeitaja kwa jina. Waliiita Tajiri, kama unavyomwita mwenye basi ambaye hujawahi kumwona. Huyo Tajiri aliwalisha vijana wa msituni miaka minne ili wamsumbue jirani yake. Kisha wakubwa wakakutana hotelini, mezani kuna maua na maji ya chupa, wakapeana mikono na kupiga picha. Siku ileile chakula cha msituni kikakatika. Vijana waliachwa kama mbwa wa nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Na kati ya vijana hao alikuwamo Derick, mtoto wa Philbert, mwenye miaka ishirini na mitatu, ambaye miezi kumi na minane iliyopita aliondoka nyumbani na fimbo na koti la mvua, akaambiwa anakwenda kuchunga.

*

Jumamosi ofisi ya mtendaji ilikuwa wazi kwa sababu ya tangazo. Mtendaji alikuwa dada mmoja anayeitwa Ildefonsa, mwembamba, mwenye haraka, aliyekuwa na mhuri mmoja na kidau cha wino alichokiongezea maji. Mbele ya Philbert alikuwa Speciose, jirani yake, ambaye mume wake pia alikuwa kambini. Speciose alimaliza kwa dakika tano. Alitaja jina, akabonyeza dole gumba, akabaki anapangusa wino kwa pindo la kanga.

"Shikamoo, mzee Philbert," alisema Ildefonsa.

"Marahaba, mama mtendaji."

"Kaa hapo. Jina la kijana?"

"Derick. Derick Philbert."

"Mama yake?"

"Francisca. Ni marehemu."

"Pole. Nani alimchukua?"

Philbert aliangalia ukutani, kwenye kalenda ya mwaka uliopita.

"Mzee. Nani alimchukua?"

"Alikwenda kuchunga."

"Kuchunga ng'ombe wa nani?"

"Wa mtu."

Speciose alicheka puani. "Wa mtu! Mtendaji, andika hivyo hivyo: kachukuliwa na mtu. Si nyani." Akamgeukia Philbert. "Baba Derick, kijiji kizima kinamjua huyo mtu. Mimi nimemtaja sasa hivi na mdomo wangu huu hapa, haujaoza. Modestus. Unaona? Modestus tena."

"Wewe hukunywa maziwa yake," Philbert alisema.

Hapo Speciose aliacha kucheka, maana hilo halikuwa neno la mzaha. Kwa Wahangaza ng'ombe hununuliwa, hurithiwa, hutolewa mahari. Lakini yuko ng'ombe mwingine, wa kugabiwa. Huyo hupewa na mtu aliyekuzidi, bila bei, mbele ya mashahidi wanne na kibuyu cha pombe. Ukishika kamba yake umekuwa mtu wa mwenye ng'ombe. Akijenga, unapeleka miti. Akifiwa, unachimba kaburi. Na akishtakiwa, husimami shahidi juu yake. Ukisimama, maneno yako hayana uzito zaidi ya kikohozi cha mbuzi, kwa sababu maziwa yake yako tumboni mwako.

Modestus alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, mwenyeji wa huku aliyehamia Nyabusozi kule Biharamulo na kutajirika. Wiki ya tatu baada ya mazishi ya Francisca alifika kwa Philbert akiongoza mtamba mwekundu mwenye mimba. "Boma lisilo na mama lisikose maziwa," alisema, na wazee walilia. Philbert naye alilia. Hakuna mtu aliyewahi kumpa kitu kikubwa namna ile. Serikali yake yenyewe haikuwa imempa hata mfuko wa mbolea bila kumpigisha foleni. Alishika kamba. Mwezi mmoja baadaye Modestus aliomba kuweka magunia kwenye ghala. Sawa. Akaomba wageni wake wanne wapumzike siku mbili. Sawa. Ombi la tatu lilikuwa Derick.

"Mzee wangu," alisema Ildefonsa, akiweka kalamu chini. "Na mimi ni Mhangaza. Kugabiwa nakujua. Lakini hii ni karatasi, haijui maziwa. Taja jina tumalize."

"Nikimtaja nikiwa na ng'ombe wake, yeye atasimama mbele ya hiyo kamati yenu ya kambi aseme, huyu anakula kwangu, mnamsikiliza vipi? Na wazee wote watasema kweli. Mtalifuta jina, na mtoto atabaki kulekule."

"Hao wa kamati wametoka Dodoma na sijui wapi. Watajuaje mambo ya ng'ombe?"

"Yeye atawaambia. Si naye yuko kwenye kamati?"

Ildefonsa aliichukua tena kalamu. Ilikuwa kweli. Tangu mkataba usainiwe, Modestus alikuwa mjumbe wa Kamati ya Ujirani Mwema, ile inayopitia majina ya kambini.

"Basi mpigie simu sasa hivi," alisema mtendaji. "Mwambie, nimekurudishia, ng'ombe anafuata. Halafu weka dole hapa."

"Ng'ombe harudishwi kwa simu, mama. Angekuwa vocha ningemrusha."

Speciose alicheka, safari hii bila kejeli. Ildefonsa hakucheka. Aliandika karatasi yote, akaacha nafasi tupu mahali pa jina na mahali pa dole, akaiweka kwenye droo. "Nakungoja," alisema. "Lakini saa haimngoji mtu."

*

Nyumbani Adelfina alikuwa anasonga ugali. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na tangu mama yake afe ndiye aliyekuwa sauti ya nyumba ile.

"Umetaja?"

"Kesho alfajiri namrudisha Bihogo. Na ndama wake."

Mwiko ulisimama. "Nyabusozi? Kwa miguu, na ndama?"

"Siku mbili na nusu. Jumanne mchana niko kwa Modestus. Namkabidhi, napanda pikipiki, jioni niko kwa mtendaji. Jumatano asubuhi tuko kambini kabla ya saa sita. Nimehesabu."

"Baba, mtaje leo. Ng'ombe umrudishie wiki ijayo, mwezi ujao, hata umchinje tumpelekee ngozi."

"Nikimtaja leo nina ng'ombe wake zizini, mimi nitakuwa nani?"

"Utakuwa baba yake Derick."

Philbert aliosha mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. Maneno yale yalimwingia, lakini yalikuta pamejaa. Miaka hamsini na minne alikuwa maskini asiyesoma zaidi ya darasa la tatu. Kitu alichokuwa nacho ambacho mwenye gari hakuwa nacho ni kwamba neno lake halikuwahi kurudi nyuma. Akilivunja hilo, angeingia mbele ya kamati na nini?

"Mama angekwenda jana," alisema Adelfina, akageuza ugali.

*

Bihogo alikuwa ng'ombe mpole, mwenye pembe ndefu zilizopinda kama mikono ya mtu anayesali. Ndama wake, jike la miezi mitano, maana wa kwanza alikufa, ndiye aliyekuwa mzigo. Alisimama kila penye majani, akakataa kuvuka kila penye maji. Siku ya Jumapili kengele ya misa ililia Philbert akiwa ameshapita mlima wa pili, na ilikuwa mara ya kwanza kukosa misa tangu kwaresima ile aliyougua.

Jumatatu saa nane mchana alifika penye kizuizi cha mifugo. Wanaume wawili walikaa chini ya turubai la bluu, mmoja na daftari, mwingine na njiti ya kiberiti sikioni akijichokonoa.

"Kibali?"

"Sina, mwanangu. Huyu hauzwi. Anarudi kwao."

"Anarudi kwao! Kwani alikuja kusalimia?"

"Alikuwa wa kugabiwa. Namrudisha kwa mwenyewe."

"Hereni yake iko wapi? Ng'ombe asiye na hereni sikioni ni wa ng'ambo. Mzee, wewe unavusha ng'ombe wa waasi?"

Philbert alieleza. Alieleza tena. Alisema juu ya kambi, juu ya Jumatano, akasikia sauti yake inavyozidi kuwa ndogo. Yule wa kiberiti alipiga miayo. Walimkalisha juani hadi saa kumi. Kisha mwenye daftari akasema, "Tuna chai hapa, haina maziwa," akamsogezea kopo.

Philbert akachuchumaa akakamua. Maziwa ya kwanza yalikosa kopo yakamchafua mguu, wale wawili wakacheka wakisema mzee ameogopa. Hakuwa na woga. Alikuwa anafikiri kwamba ameapa hatanywa tena tone la ng'ombe huyu, na sasa anawakamulia watu asiowajua ili aruhusiwe kuwa mwaminifu.

"Pita, mzee," alisema mwenye daftari. "Na ukirudi, rudi na kibali."

*

Jumanne saa saba alifika Nyabusozi. Boma la Modestus lilikuwa na bati jipya na ukuta wa tofali za kuchoma. Aliyemwona kwanza alikuwa Mashimba, Msukuma wa Shinyanga aliyeajiriwa kuchunga.

"Yaya! Mzee, umekuja na huyu mnyama kwa miguu? Balabala yote hiyo?" Alimshika Bihogo pembe. "Huyu namjua. Kamba ya kwanza nilimfunga mimi." Akamtazama Philbert miguuni, viatu vya matairi vimekatika ukanda mmoja, akaenda kuleta maji ya kunywa.

Modestus alitoka akiwa amevaa fulana, na juu ya fulana ile kitambulisho cha kamati kikining'inia shingoni, kama vile hata nyumbani kwake angeulizwa yeye ni nani.

"Ndugu yangu Philbert! Karibu, karibu. Mbona hukunijulisha?"

"Nimekuja kukurudishia ng'ombe wako. Bihogo na mwanawe. Nimeshukuru."

"Kuna nini?"

"Nataka kumtaja mtu. Siwezi kumtaja nikiwa na ng'ombe wake."

Kuku walipita kati yao. Modestus alimtazama, na uso wake ukawa na kitu kinachofanana na heshima. "Hakika," alisema. "Umebaki peke yako, Philbert. Wengine wote wamenitaja huku bado wakinisalimia."

"Pokea kamba."

"Niipokee hivi hivi, kama napokea kuku wa mnadani? Siku nilipokugabia palikuwa na pombe na mashahidi wanne. Anaporudi ni vivyo hivyo. Au sivyo wazee walivyotufundisha?"

"Ndivyo."

"Ndizi zimekamuliwa jana. Rubisi itaiva kesho asubuhi. Nitawaita mashahidi, tutakunywa kibuyu kimoja, tutaachana kama watu."

"Kesho saa sita kambi inafungwa."

"Saa sita ni mbali. Pikipiki si hizo barabarani? Ukiondoka saa moja, saa nne uko kwako."

Alijua. Asidanganywe mtu kwamba Philbert hakujua. Aliona kabisa lile jambo lilivyokuwa linamzunguka, kama mtu anayetazama maji ya mafuriko yakiingia mlangoni huku ameketi. Lakini ng'ombe asiyepokelewa hajarudi. Akimwacha pale na kukimbia, atakuwa ametembea siku tatu kuja kumtupa, na Modestus atasema mbele ya kamati: ng'ombe wangu bado ni deni lake, muulizeni. Akafunga kamba kwenye nguzo, akaketi kwenye kigoda alichopewa na Mashimba.

Modestus aliketi karibu naye. Alikuwa na hamu ya kuongea, kama watu wengi wanaofanya mambo ambayo hayasemeki.

"Unanichukia bure. Mimi ni kama wewe, nilishikishwa kamba. Unadhani Tajiri aliwafuata wale vijana na bunduki? Hapana. Mwaka wa kwanza aliwapelekea chumvi na buti za mpira. Yale magunia ya ghalani kwako, unayakumbuka? Ilikuwa chumvi, wallahi. Mwaka wa pili akapeleka daktari, akawatibu majeruhi. Hakuomba kitu. Akampa mkubwa wao redio, akamwita Jenerali, na yule alikuwa fundi baiskeli tu. Ndipo akaanza kuuliza kidogo kidogo: ile barabara ya machimbo, nani anailinda? Hebu wapigeni wale wa bondeni. Wale wa mlimani waacheni, ni wenzetu. Wangekataaje? Walikuwa wamevaa buti zake."

"Na Derick?"

"Walihitaji wabebaji. Mimi niliambiwa wabebaji. Kwamba walimpa bunduki baadaye, nilisikia kama ulivyosikia wewe."

"Ulijua."

Modestus alikwangua tope kwenye kiatu. "Nilijua."

"Na sasa huyo Tajiri wako amepatana na adui yao. Alikwenda kuwaaga? Kuna kitu alirudisha?"

"Kurudisha!" Modestus alicheka hadi akakohoa. "Alizima redio, Philbert. Asubuhi moja waliita, hakuna aliyejibu. Wakaita siku nne. Ndiyo kuaga kwa wakubwa."

"Na wewe ukapewa hicho cha shingoni."

"Mtu anayezijua njia hakosi kazi," alisema Modestus. "Mashimba, mletee mzee chakula."

Philbert hakula. Mashimba alimwekea sahani miguuni, akachuchumaa, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, mimi ningekuwa wewe ningekimbia sasa hivi. Ng'ombe ni ng'ombe tu."

"Kwenu," alisema Philbert.

*

Jumatano shahidi wa kwanza alifika saa moja na nusu. Wa pili saa mbili. Wa tatu alikuwa mzee mwenye fimbo mbili, alifika saa tatu na kuomba apumzike. Wa nne, ilisemekana, yuko njiani. Philbert alisimama, akaketi, akasimama. Kila alipotazama barabarani palikuwa na pikipiki, zinapita na abiria wa watu wengine.

"Watatu wanatosha," alisema.

"Walikuwa wanne," Modestus alijibu kwa upole. "Tusiharakishe mambo ya wazee."

Wa nne alifika saa nne na robo. Kibuyu kikaletwa na mirija miwili. Modestus aliusifu ukoo wa Bihogo toka kwa bibi yake hadi kwa ndama, ng'ombe kwa ng'ombe, rangi kwa rangi, na mzee wa fimbo mbili akamsahihisha mahali, wakarudia. Philbert alivuta pombe na mrija wake bila kuisikia ladha. Kisha kamba ikapita kutoka mkono wake kwenda mkono wa Modestus, na mashahidi wakaitikia. Ilikuwa imekwisha. Saa ya ukutani, aliyoiona kupitia dirishani, ilikuwa saa tano kasoro kumi.

"Sasa mdomo wangu ni wangu," alisema Philbert.

"Nenda nao salama," alisema Modestus.

*

Kijana wa pikipiki aliendesha kama mtu anayefukuzwa. Bukiriro walifika saa nane kasorobo. Ildefonsa alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi, karatasi mkononi, kidau cha wino kimefunguliwa tayari. Hakumwambia amechelewa. Aliandika jina kwenye nafasi tupu, akamshika dole gumba yeye mwenyewe, akalibonyeza, akapiga mhuri kwa nguvu hadi meza ikalia.

"Nimewapigia kambini mara nne," alisema. "Adelfina yuko huko tangu jana, alikwenda na Speciose. Nenda tu, mzee. Nenda."

Kambi ilikuwa uwanja wa shule ya zamani, umezungushiwa waya. Alipofika saa tisa na nusu, mahema yalikuwa yanashushwa. Askari vijana walikuwa wanakunja, wanahesabu nguzo, wanataniana juu ya mpira. Karani mmoja alibaki kwenye meza, anakula muhogo wa kuchoma. Philbert alimpa karatasi kwa mikono miwili. Karani aliisoma yote, maana hakuwa mtu mbaya, akatikisa kichwa.

"Imekamilika kabisa hii. Malori yameondoka saa saba, mzee. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa narudisha ng'ombe."

Karani alidhani amesikia vibaya. "Nini?"

"Ng'ombe. Nilikuwa namrudisha kwa mwenyewe."

"Hebu njoo usikie hapa," karani alimwita mwenzake, kisha akauona uso wa Philbert akaacha, akamrudishia karatasi yake. "Kwenye orodha nimeshaandika mzazi hakujitokeza. Orodha imekwenda nao. Pole sana."

Adelfina alikuwa amekaa kwenye jiwe nje ya waya, peke yake. Speciose na mume wake walikuwa wameondoka tangu asubuhi. Hakusimama baba yake alipomfikia. Macho yake yalikuwa makavu.

"Walimwita mara tatu," alisema. "Derick Philbert, mzazi wake yupo? Nikasema mimi ni dada yake. Wakasema dada si mzazi. Nikasema mama yetu amekufa. Wakasema poleni."

"Ulimwona?"

"Nilimwona. Amekonda, na sikio moja halisikii, nilikuwa naongea kwa kupiga kelele mbele ya watu wote. Aliniuliza, baba yuko wapi? Nikamwambia, kaenda Nyabusozi kumrudishia Modestus ng'ombe."

"Akasema nini?"

Adelfina aling'oa jani, akalichana katikati. "Akauliza, na ndama pia? Nikamwambia, na ndama. Akasema, ndiyo, ni lazima na ndama." Akavitupa vipande. "Nilitaka kumpiga, baba. Kupitia waya ule, nilitaka kumpiga kofi. Halafu wakawafunga mikono wakawapandisha."

Philbert alibaki amesimama, karatasi mkononi, wino wa mhuri umemwingia kwenye jasho la vidole. Kisha akageuka, akarudi pale mezani. Karani alikuwa ameshaondoka na meza ilikuwa imekunjwa. Akaenda katikati ya uwanja, mahali askari walipokuwa, akavua kofia.

"Ni Modestus," alisema kwa sauti kubwa. "Mchuuzi wa ng'ombe wa Nyabusozi. Ndiye aliyemchukua mwanangu, mwezi wa nne mwaka jana. Alisema ni kuchunga. Alijua si kuchunga. Naweza kumtaja, sina kitu chake. Andikeni. Modestus."

Askari waliokuwa karibu waliacha kucheka, wakatazamana. Mmoja wao, aliyekuwa ameinama akivuta pindo la hema, aliinua kichwa.

"Mzee wangu, sogea kidogo," alisema. "Umekanyaga turubai."

Philbert akasogea.